Mkono wa Kushoto wa Mrusha Kisahani

Mama yangu alipotoka Tanga kuja kukaa nasi hapa Saltley, ughaibuni, alikuja na mchaichai, kanga za zawadi na vita dhidi ya mkono wa kushoto wa binti yangu. "Mkono wa chooni huo!" Kila siku, jamani. Kula, kwa kulia. Kutoa, kwa kulia. Sawa, hayo hata mimi nililelewa nayo. Lakini kurusha kisahani?

Mtoto hurusha kwa kushoto, na ni hodari kwelikweli. Jumamosi ile klabu yake ya riadha ilikuwa inachagua timu. Ilibaki nafasi moja tu, na aliitaka mpaka akawa hali chakula. Mama akamwapia: kwa kulia, au asimwite tena bibi.

Mtoto akatafuta ushahidi. Akasoma kwenye simu habari za Mmarekani mmoja, bingwa wa kisahani mwanzoni mwa karne iliyopita. Enzi hizo kulikuwa na shindano la kurusha kwa kulia, kisha kwa kushoto, vipimo vikajumlishwa. Jamaa akaweka rekodi. Baadaye shindano likafutwa, naye akasahauliwa. Mtoto anasoma Kiingereza, mimi natafsiri, uji unaungua.

"Unaona?" mama akasema. "Walifuta. Waligundua wamekosea."

Yarabi, nilitamani kujigonga kichwa ukutani!

Uwanjani baridi inakata masikio, mama kajifunika blanketi kwenye kiti cha kukunja. Mtoto akarusha kwa kulia. Kisahani kikaishia kwenye wavu wa usalama unaomzunguka mrushaji. Mara ya pili kikadondoka hapo hapo, kama chapati iliyomponyoka mpishi.

"Mashallah!" mama akashangilia.

Nikalipuka. "Mashallah gani, mama? Amebakiwa na mrusho mmoja! Timu ndiyo inakwenda hiyo!"

Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa anajifuta machozi. Akainuka, akachukua kisahani kwa kocha, akampelekea. Mtoto akanyoosha mkono wa kulia kukipokea, kama alivyofundishwa. Mama akakivuta nyuma.

"Huo basi. Lete ule mwingine."

Kilipaa, wallahi, mpaka mpimaji akakimbia.

Jioni, timu tumeshaipata, mtoto akapeleka mkono wa kushoto kwenye sambusa. Paa! Bibi kamchapa kiganja.

"We! Hapa ni uwanjani?"