Grese ya Baba Mkwe

Sikumpenda baba mkwe wangu, naye hakunipenda, na tangu siku ya posa hakuna kati yetu aliyejisumbua kulificha hilo. Yeye alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyepandisha mchele wa Luvungi milimani hadi Bukavu kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa karani mwenye abakosti moja, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi na mikono ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa laini kuliko ya mtawa.

Siku hizo nilikuwa na gari kuukuu la Kifaransa, lenye freni za diski mbele. Kila niliposhuka toka mtaa wa Kadutu lilipiga yowe hadi mbuzi wakakimbia. Majirani walisimama milangoni wakicheka, wakiniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali: "Citoyen amefika, tumemusikia!" Dawa niliisoma katika kitabu cha gari. Unafungua etriye, lile koleo la chuma linalobana diski, unasugua vumbi na kutu, unapaka grese kidogo kwenye vyuma vinavyoteleza tu. Plaketi, kile kibao cha ndani yake, hugusi. Plaketi ndiyo inayokamata gurudumu, na ikipata mafuta huna freni.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimeng'oa magurudumu ya mbele, nasugua etriye kwa mswaki wa zamani, mzee alipofika kutoka Kalehe kumwona binti yake, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Hata salamu hakunipa.

"Hii iko inalia juu ya nini?"

"Ni vumbi, papa. Niko nasafisha."

Akamwita mke wangu aje aone. "Angalia bwana yako, iko anapiga motokari mswaki! Sogea. Chuma ikilia, iko inaomba mafuta."

Kwetu mkwe hajibiwi. Unampa kiti, unainamisha kichwa, unameza. Nikasogea. Nikamwona akichovya vidole viwili kwenye kopo la grese, akapaka vyuma, kisha akapaka plaketi, uso wote, kama anayepaka siagi kwenye mkate. Maisha yake yote alinyamazisha lori lake kwa grese. Freni za diski hakuwahi kuzifungua.

Nilijua palepale. Ningeweza kumtuma mke wangu amwambie kwa upole. Njia hiyo ipo hata kwa wakwe. Sikutaka. Nilitaka amalize, arudishe magurudumu, akae kwenye usukani peke yake, na gari limkatae mbele ya majirani. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilitaka mkuu mwenyewe avunjike, japo kiburi tu. Alipokaza nati ya mwisho nilikwenda nyuma ya nyumba kunawa, nimefurahi kiasi cha kuimba.

Nilikuwa bado na sabuni mikononi niliposikia injini, na sauti yake akimwita binti yake garini: "Kuya, mutoto wangu, ikala hapa mbele. Tushuke kidogo, utasikia kama italia tena."

Nilikimbia. Nilipofika langoni, gari lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuteremka ile njia yetu ya udongo inayoelekea ziwani.

"Freni!" nilipiga kelele. "Papa, hakuna freni!"

Hapo ndipo taa za nyuma zilipowaka. Zikazima, zikawaka tena. Alikuwa anakanyaga na kukanyaga. Freni za nyuma peke yake hazikutosha. Kabla ya kona alipinda usukani, akalisugua gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Mtu mwingine angewaua wote wawili. Nakubali, na bado inaniuma kukubali.

Mke wangu alitoka kwa miguu yake, ameshika tumbo. Mzee alitoka damu kwenye paji la uso, akakaa chini vumbini. Nikamshukia. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji, avenyu nzima ikisikia. Sikuona aibu. Niseme kweli, nilijisikia vizuri.

Tulimlaza mke wangu kwa ubavu, tukamtuma jirani kumwita muuguzi. Mtoto hakucheza. Saa ya kwanza ikapita, ikapita ya pili, muuguzi hajafika. Mzee alikaa nje ya mlango na rozari yake, hakuthubutu kuingia. Mimi nilikaa kitandani, mkono wangu tumboni kwa mke wangu, nikiendelea kumlaani baba yake kwa sauti ili asikie. Kisha nikahisi teke kiganjani, na la pili. Nikalia machozi.

Mke wangu hakulia. Alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa amenitazama hivyo muda mrefu.

"Nilikusikia," alisema. "Ulipiga kelele freni hakuna, na papa alikuwa hajakanyaga bado. Ulijua namna gani?"

"Nilimuona akipaka plaketi."

"Ukanyamaza?"

Nikaanza kusema juu ya heshima, kwamba mkwe hapingwi. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Kisha akashika mkono wangu, akautoa tumboni, akauweka kwenye goti langu.

"Papa hakujua," alisema. "Mwite aingie. Weye, toka inje."