Waling'oa Injini ya Gari la Marehemu Nikiwa Matangani

Admin, usiweke jina langu. Andika tu mama wa Ngokolo, Shinyanga, tuko wengi. Nina miaka sitini na nane, mjane tangu miaka ya themanini. Nina binti na mtoto mmoja wa kiume, fundi magari pale Nyasubi, Kahama. Haya sijawahi kuwaambia.

Mume wangu alikuwa na pikapu. Alibeba mchele na abiria kati ya Shinyanga na Kahama, na hicho ndicho kilikuwa chakula chetu. Alipofariki kwa homa ya ghafla, mwanangu alikuwa bado anatambaa. Nikakalishwa chini chumbani na wanawake kama ilivyo desturi, mfiwa hatoki nje ovyo mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume walikaa uani, wakisimamiwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa fundi magari. Naye alikuwa na gari lake la kupeleka bidhaa kwa wachimba dhahabu kule Geita, ila injini yake ilikuwa imekufa. Enzi zile spea zilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe hatukuwa tunaiona.

Mchana mmoja nikaanza kusikia spana. Mara nyundo, mara mnyororo unakwaruza. Nikamuuliza wifi yangu wanafanya nini, akasema wanaume wanaliangalia gari lisiharibike kwa kukaa. Nikaamini. Mtu anayelia hana akili ya kuuliza mara mbili. Kumbe walikuwa wamechomoa nguzo tatu za kibanda cha waombolezaji, wakazifunga vichwa pamoja juu ya boneti, wakaning'iniza mnyororo na kunyanyua injini pamoja na giaboksi, huku sisi ndani tunaimba nyimbo za msiba. Oili waliimwagia kwenye sufuria letu la uji. Jioni nikaletewa uji unanuka oili, nikaunywa. Nilidhani ni kinywa changu kimechacha kwa kilio.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa kikao. Shemeji akasimama, mkono kifuani, akasema, "Gari ni la watoto wa kaka. Asiliguse mtu." Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia wabeja, yaani asante, machozi yananitoka. Nikikumbuka magoti yale natamani kujipiga makofi. Wazee wote walikuwa wanaliona lile gari limesimama pale. Hakuna hata aliyekohoa.

Nikatafuta dereva wa Ibadakuli ili tulirudishe barabarani. Alipofika uani hakuchukua hata funguo. Akaniuliza, "Mama, mbona limeinua pua?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba gari likitolewa injini, springi za mbele hulinyanyua kwa kukosa uzito. Akafungua boneti, nikaona ardhi. Nyaya zinaning'inia, na majivu yamemwagwa chini kufunika oili. Ndipo nikajua kwamba kila mwanaume aliyekaa uani mwangu alijua. Walikula ng'ombe wetu, wakanipa mkono wa pole, wakaenda zao. Watu wazima, wengine wana wajukuu. Ptuu.

Nilimfuata shemeji. Akanijibu bila hata haya usoni, "Nilisema gari ni lenu. Si hilo hapo?" Wazee nao wakaniambia nisichafue jina la marehemu. Binti yangu aliacha shule ili tuuze vitumbua pamoja, na mpaka leo akipokea ujumbe kwenye simu anampa mtoto wake amsomee.

Mwanangu alipokua akapenda magari. Fundi pekee ambaye angemfundisha bure ni baba yake mdogo, huyo huyo. Nikameza mate machungu nikamruhusu, nikijiambia angalau atalipa kwa njia hiyo. Wakapendana mno, na mimi nikaona nisiwaharibie.

Sasa shemeji ni mzee, amepooza upande mmoja, na watoto wake wamemkimbia. Mwanangu anataka kumleta kwangu nimuuguze, kwa kuwa yeye amepanga chumba na sebule. Nikakataa. Akaniuliza sababu, nikainuka kuchochea moto. Akasema taratibu, tena kwa upole wa kuniua, "Mayu, mimi nilishakusamehe ulivyouza injini ya baba. Baba mdogo alinieleza zamani, alisema njaa ilikuzidi. Na wewe msamehe mwenzio, chochote alichokukosea."

Ndugu zangu, mayu ni mama kwetu Usukumani. Miaka yote hiyo mwanangu ananiita mama huku moyoni anaamini niliuza urithi wake. Na alinisamehe.

Wazee wale wote wamekufa. Wifi amekufa, na yule dereva pia. Pikapu lilikwisha kwa kutu, likauzwa chuma chakavu. Aliyebaki anayejua ukweli ni huyo mgonjwa peke yake, na kwa bahati mbaya au nzuri, mdomo wake haujapooza. Nikimkataa, nabaki kuwa mama aliyeuza urithi na bado ana roho mbaya. Nikimpokea, nitamwosha na kumgeuza kitandani mtu ambaye hata kumtazama kunanitia kinyaa. Nikisema ukweli sasa, mwanangu ataona nimetunga uongo ili nimkwepe mgonjwa.

Anamleta Jumamosi. Ninyi mliozaa na mliofiwa, naomba mnishauri kabla hawajafika: nimfungulie mlango, au nimwambie aseme kwanza ukweli mbele ya mwanangu, akiwa bado nje?