Watoto Wawili wa Karatasi

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikuwahi kuishi na mke wangu Nairobi miaka ile ya hamsini, na kila mara nimejibu kwamba nyumba zilikuwa chache. Ni uongo. Nyumba nilipewa. Leo nasema ukweli, na hasira ikinishinda mnivumilie, maana nimekaa nayo muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuandikwa.

Nilikuwa mpishi Kilimani, kwa mzungu mmoja na mkewe, katika nyumba yenye vyumba vilivyofunguliwa tu siku ya kupangusa vumbi. Mimi nililala nyuma, kwenye kota ya mawe, mna kitanda na msumari wa kutundika koti. Mke hakuruhusiwa. Memsahib alisema watoto wangemkanyagia maua. Nilikwenda nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa likizo, na mtoto wangu wa pili alijifunza kutambaa, kusimama na kutembea bila mimi kuona hata hatua moja.

Njia iliyobaki ilikuwa kuomba chumba cha mwenye familia katika mtaa wa manispaa. Ulitakiwa upeleke ofisini mjini cheti cha ndoa cha kanisa na barua ya mwajiri inayotaja mshahara, wao wapime kama pesa zako zingetosha kuwalisha watu uliotaka kuwaleta. Ebu fikiria. Wazungu waliopanga mshahara wangu uwe mdogo ndio haohao walioniuliza mbona ni mdogo.

Siku yangu ya mapumziko nilitembea kutoka Kilimani hadi mjini, viatu nimevipaka rangi, cheti nimekifunga kwenye kitambaa. Karani alikuwa mtu wa kwetu, magharibi mwa Kenya, kama mimi. Nyuma yake, kwenye meza kubwa, aliketi mzungu mwenye ofisi.

Karani akaniuliza nina watoto wangapi. Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa unajibu kwamba wapo, na mwenye adabu haendelei kuuliza. Nikasema wapo. Akauliza tena, na yeye alijua vizuri anachokifanya, lakini ndiyo kazi iliyomvalisha tai. Nikaona aibu kubishana mbele ya mzungu. Nikasema watano.

Wawili nilizaa mimi. Watatu walikuwa wa kaka yangu, aliyefariki akiwaacha wadogo, na mama yao alikuwa amemtangulia. Walikula chungu kimoja na wangu, wakalala mkeka mmoja. Katika lugha yetu ndugu wa baba anaitwa baba, basi, hakuna neno lingine. Kwa hiyo sikudanganya, wala haikunipitia akilini kwamba kuna mtu angeweza kuwagawa.

Mzungu alichukua barua, akapiga hesabu kwa penseli pembeni.

"Mshahara yako hapana tosha toto tano," alisema. "Bibi na toto mbili, sawa. Tano hapana." Akanirudishia karatasi zangu bila kuniangalia.

Karani alinifuata hadi barazani. Sasa alizungumza lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini. Akanishauri nirudi juma lijalo niseme wawili. Hao wengine ningewaleta polepole na hakuna atakayewahesabu mlangoni. Nikamwambia wote ni wangu.

"Kwenu, ndiyo," alijibu. "Hapa si kwenu."

Juma zima nilichemka. Niliunguza nyama ya memsahib mara mbili na wala sikuomba radhi. Niliwachukia mzungu na penseli yake, nikamchukia karani kwa kunionea huruma. Kisha juma lililofuata nikatembea njia ileile, nikasimama mbele ya meza ileile, nikasema wawili. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisema kwa kinywa changu, na mzungu akatabasamu, akaniambia sasa nimekuwa mtu wa kweli.

Karani alipiga taipu kibali: jina la mke wangu, na chini yake majina mawili. Nilikituma kwa posta pamoja na nauli na barua fupi, nikaeleza kwamba wengine watafuata baadaye.

Hapo ndipo nilipokosea kabisa, na sina wa kumlaumu. Nilijua fika kwamba kwetu barua ya Nairobi haisomwi kwa siri. Mke wangu hakujua kusoma. Alimwita mwalimu wa shule baada ya ibada, watu wote wakaketi uani, na mwalimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza kazi, alisoma barua na kibali, neno kwa neno hadi sahihi na mhuri. Watoto watano walisikiliza. Majina yaliyotajwa ni mawili.

Mke wangu hakuja. Alirudisha kibali, na nauli yote ndani ya bahasha, na kwa mwandiko wa mwalimu yuleyule akaniambia kwamba yeye hupikia watoto watano na hajui nimezungumzia watoto wa nani. Chumba akapewa mtu mwingine.

Desemba nilikwenda likizo. Mkubwa kati ya watoto wa kaka yangu, msichana wa darasa la tatu, alikuja kunipokea njiani kama alivyofanya kila mwaka. Akauchukua mkoba wangu. Nilingoja aniite baba. Alifikiri kidogo, halafu akaiacha lugha yetu na kutumia Kiswahili cha shuleni.

"Karibu, baba mdogo."

Nilimwambia aniite kama zamani. Akasema mwalimu amewafundisha kwamba ndivyo inavyotakiwa, kisha akatangulia na mkoba kichwani. Siku hizi yeye ni nyanya, ana wajukuu. Hunitembelea kila Krismasi, huniletea sukari na majani ya chai, na bado ananiita hivyo, kwa heshima zote.