Filamu Mbili, Kitabu Kimoja na Mama

Mama yangu alivunjika mguu wakati wa masika, shambani kwetu mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai. Alikuwa anaruka mfereji ambao ameuruka maisha yake yote, na siku hiyo akateleza. Hospitali walimfunga hogo la plasta kuanzia goti hadi kwenye vidole, daktari akamkataza kupanda mlima kwa miezi mitatu. Nikamleta kwangu mjini, Sekei, ambako nilikuwa nimebaki peke yangu tangu binti yangu aende chuo.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwetu wote wawili. Mama ni mtu ambaye sijawahi kumwona ameketi mchana bila kazi mikononi. Kufikia siku ya nne alikuwa ameshachambua maharage yote yaliyokuwamo ndani, hata yale niliyoyanunua yakiwa yamechambuliwa tayari. Nikirudi kutoka shuleni namkuta ameukodolea macho Mlima Meru dirishani kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Muhula ule nilikuwa nafundisha Kidato cha Tano riwaya ya mapenzi ya zamani sana, ya Uingereza, ileile niliyoisoma mwenyewe nilipokuwa na umri wao. Nilikuwa nimepata maigizo mawili yaliyotokana na riwaya hiyo: tamthilia ya televisheni ya sehemu sita, iliyotengenezwa zamani kidogo, na filamu mpya ya saa mbili. Nilitaka wanafunzi wavione vipande vya zote mbili, wavilinganishe na kitabu, kisha waandike insha. Kwa hiyo Jumamosi moja mchana nilikaa sebuleni na daftari langu, nikawasha tamthilia. Mama alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli.

Hazikupita dakika kumi akasema, "Huyo msichana namjua."

Nikamwambia hawezi kumjua, yule ni mwigizaji wa Ulaya.

"Simsemi mwigizaji. Huyu si ndiye binti wa mwenye mashine ya kusaga? Aliyemkataa bwana mwenye mashamba, mikono yake ikiwa na unga?"

Nikasimamisha picha. Sehemu hiyo ya kumkataa ilikuwa bado haijafika, na mama hajui Kiingereza. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule akawasaidie wadogo zake.

"Mama, umeijuaje hadithi hii?"

"Wewe ndiye uliyenisimulia. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilipokuwa Kidato cha Tano nilirudi nyumbani likizo na nakala ya shule ya kitabu kile, na kila jioni tulipokuwa tunachagua kahawa, kutenga punje mbovu na nzima, mama alikuwa ananiuliza mchana nimesoma nini. Nikawa namsimulia, Kimeru kidogo, Kiswahili kidogo, sura baada ya sura. Kwangu ilikuwa njia ya kujikumbusha kwa ajili ya mtihani. Kwake, nilivyogundua Jumamosi ile, ilikuwa ndiyo riwaya pekee aliyowahi kuipata maishani, na aliihifadhi yote. Alikumbuka farasi mweupe. Alikumbuka dada mdogo mwenye kikohozi. Alikumbuka hata jina la mto, ambalo mimi nimelifundisha miaka kadhaa na bado nalikosea.

Basi tukaanza upya, tukaangalia pamoja. Mimi nilitafsiri, yeye alihukumu. Katika tamthilia, msichana anamkataa yule bwana jikoni, kama ilivyo kitabuni. Anakanda unga, bwana anaingia bila kubisha hodi, anajieleza kwa maneno marefu, na msichana anamjibu bila kufuta mikono. Katika filamu mpya jambo hilohilo linatokea juu ya daraja, mvua inanyesha, nguo zimewaganda mwilini, na muziki ni mwingi kiasi kwamba ilibidi nipunguze sauti ndipo mama asikie tafsiri yangu.

"Kwa nini wako kwenye mvua?" akauliza.

"Nadhani ili ipendeze."

"Mtu anayekataa posa hasimami kwenye mvua. Akishamaliza kusema anaingia ndani. Na huyu msichana wa pili amependeza mno. Huyu hajawahi kubeba gunia la mtu."

Lakini hakuionea filamu. Alisema yule bwana wa filamu ana macho ya mtu mwenye aibu, na kwamba ndivyo yeye mama alivyokuwa akimwaza tangu zamani. Yule wa kwenye tamthilia alikuwa anatembea kama diwani anayeomba kura. Nilicheka, kisha nikayaandika maneno yake daftarini. Kufikia Jumapili jioni, baada ya ibada na chakula, nilikuwa nimejaza kurasa saba, na nyingi hazikuwa mawazo yangu.

Tulipofika mwisho wa filamu, msichana na bwana wake wameoana na wanatembea kando ya mto, mama akaushusha mguu wake kutoka kwenye stuli. Nikamuuliza kama imempendeza.

"Nzuri," akasema. "Zote mbili nzuri. Lakini zote wameikata sehemu yenyewe."

"Sehemu ipi?"

"Pale msichana anapokwenda kwa mama yake yule bwana. Yule mama ni mgonjwa, hamjui msichana ni nani. Msichana anampikia mtori wa ndizi. Halafu bwana anaingia, anamkuta jikoni kwake, hasemi neno. Anachukua ndoo mbili anakwenda kuchota maji. Bwana mkubwa vile, na watu wanamwona. Hapo ndipo msichana anampenda. Sasa wakiikata hiyo, mtu atajuaje kwa nini amebadilika moyo?"

Hakuna mtori katika riwaya ile. Hakuna mama mgonjwa wala ndoo. Kitabuni, msichana anabadilika moyo kwenye karamu ya chakula, anapomsikia mgeni mmoja akieleza kwamba yule bwana ndiye aliyeinusuru mashine ya baba yake kwa siri. Tamthilia iliionyesha karamu yote, sahani kwa sahani. Filamu iliiruka, ikaweka wawili hao wakitazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto.

Kisha nikakumbuka. Nakala ile ya shule ilikuwa imechanika. Katikati palikosekana karatasi kadhaa, na mimi, mwenye miaka kumi na saba, nilifika pale likizoni bila mtu wa kumuuliza. Kabla ya pengo msichana anamchukia yule bwana. Baada ya pengo anampenda. Jioni ilipofika mama alikuwa ameshatandaza kahawa na ananisubiri, nami niliona haya kumwambia kwamba sijui kilichotokea. Kwa hiyo nilitunga. Baadaye nilikisoma kitabu kizima, nikafaulu mtihani, nikaenda chuo, nikawa mwalimu. Sikukumbuka kurudi kumsahihisha.

Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, au aniulize nilimdanganya mangapi mengine. Akauliza jambo moja tu.

"Na zile ndoo ulizitoa wapi?"

"Kwa baba."

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka ambao bibi, mama yake, alilala kitandani miezi mingi, mama alikuwa na ujauzito wa mdogo wangu wa mwisho, na miguu ilikuwa imemvimba. Nilikuwa na miaka kama minane. Baba alichukua ndoo mbili, akashuka kwenye mfereji, akarudi nazo akipita mbele ya wanaume wenzake waliokuwa wamekaa chini ya ukuta wa duka. Kwetu wakati ule mwanaume hakuchota maji ilhali ana mke na binti. Mmoja wao alimwita "mama" kwa sauti, wengine wakacheka. Baba aliwasalimia, akapita. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, mpaka mdogo wangu alipozaliwa.

"Kwa hiyo uliona," mama akasema.

"Niliona. Nilikuwa nyuma yake na kidumu changu."

Mama alitazama mikono yake. "Mimi ulipokuwa unanisimulia, nilimwona yeye. Nilijiambia, kumbe na Wazungu wanaye wa namna hii. Nikafurahi." Akaurudisha mguu juu ya stuli. "Kumbe hawana. Ni huyu wa kwetu tu."

Hakulia, wala mimi sikulia. Lakini nilijisikia fahari ambayo sikuipata hata siku ya mahafali yangu. Nilikuwa nimemtoa baba yangu kwenye kijia cha mferejini nikamweka katikati ya riwaya inayosomwa duniani kote, na mtu aliyemjua kuliko wote alimtambua.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikampeleka mama darasani. Tulikodi bajaji hadi mlangoni kabisa, akashuka na magongo yake, amevaa kitenge chake cha kanisani. Wanafunzi walisimama wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni."

Niliwaonyesha tukio la jikoni la tamthilia, kisha la darajani la filamu. Halafu nikawaambia lipo simulizi la tatu, na mwenyewe yuko mbele yao. Mama alisimulia ameketi, mguu umenyooka kwenye benchi, kwa Kiswahili chake cha mlimani kisicho na haraka. Alieleza yule msichana alivyozimenya ndizi, alivyomwinua mgonjwa ili ameze vizuri, jinsi bwana alivyosimama mlangoni akaziona zile ndoo tupu. Nilikaa nyuma kabisa. Nimefundisha darasa lile mambo mengi kwa chaki na kwa sauti iliyokauka, lakini sijawahi kuwaona wametulia hivyo.

Alipomaliza, msichana mmoja wa mbele, hodari wa kubishana, akanyoosha mkono.

"Bibi, samahani. Kama mtori haumo kitabuni, si ni uongo?"

Mama hakukasirika. "Na ile mvua ya darajani, imo kitabuni?"

"Haimo, bibi."

"Basi kila mmoja ameongeza chake. Wale wameongeza mvua. Mwanangu aliongeza ndoo. Wewe nieleze, kati ya mvua na ndoo, ni kipi kinakuonyesha huyu mwanaume ni mtu wa namna gani?"

Msichana alifikiri. "Ndoo," akasema.

"Lakini mvua inapendeza," mwenzake akadakia kutoka nyuma, na darasa zima likaingia kwenye mabishano. Waliotetea filamu walisema kwamba kamera haina nafasi ya maneno mengi, lazima ipate picha moja itakayobeba yote. Waliotetea tamthilia walisema haraka ndiyo inayoharibu mapenzi. Mama alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anasikiliza kila mmoja hadi mwisho. Mwalimu wa hisabati alichungulia dirishani kuona kuna nini. Nilimwonyesha kwa kidole: yule ni mama yangu. Nadhani nilimwonyesha mara mbili.

Insha walizoniletea baada ya hapo ndizo bora kabisa nilizowahi kusahihisha. Yule msichana mbishi aliandika kwamba riwaya ile ina maigizo matatu, la televisheni, la sinema, na la nyumba moja kwenye mteremko wa Meru, na kwamba la tatu ndilo lililomfanya aelewe kwa nini mtu atunge upya kitu ambacho tayari kipo. Nilimpa alama za juu, nikaandika pembeni kwamba alama zile nimempa mimi, si bibi.

Mama aliporudi nyumbani, mguu umepona na mkongojo mmoja tu wa tahadhari, nilimpigia simu nikamwambia nataka kumsomea insha hiyo. Akaniambia nisubiri kwanza. Nikasikia anaita watu, nikasikia viti, nikasikia akimwomba mjukuu wake amwekee simu kwenye spika. Walikuwa wanawake wa jirani waliokuja kumsaidia kuvuna kahawa. Nilisoma polepole, nikitafsiri kila sentensi, na nilipofika kwenye ndoo mbili mmoja wao akauliza kwa Kimeru, "Huyo anayesemwa hapo ni nani?"

"Ni mume wangu," mama akamjibu, kisha akaniambia niendelee kusoma.