Msimbo Niliopaka Rangi Ngara

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona kompyuta, niliona ukungu. Ulikuwa umeingia hadi ndani ya ofisi yetu ya turubai, na sauti ya Mhandisi wa Mfumo ikanifikia kabla ya sura yake: "Karibu. Jenereta ikipata joto utaiona kazi." Ikanguruma, skrini ikawaka bluu, na juu yake maandishi meupe, mstari baada ya mstari, yote meupe.

Huo ndio ulikuwa msimbo, yaani maagizo inayoandikiwa kompyuta ili ijue la kufanya. Programu yetu iliwatafuta watoto waliopoteana na wazazi walipokimbia Burundi. Jina la mtoto liliingizwa kambi hii, la mzazi kambi ile, mashine ikalinganisha. Mimi, mzaliwa wa Kibimba hapohapo Ngara, niliyesomea kompyuta Mwanza, niliajiriwa kuutunza msimbo huo.

Nilikuwa mtu wa kuota macho wazi, na weupe ule ulinipa usingizi. Kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo, kiliweza kulipa kila neno rangi kulingana na kazi yake, ila Mhandisi alikuwa amezizima rangi zote. Nilipomwomba aziwashe alicheka sana. "Bwana mdogo, kompyuta si kitenge!"

Akahamishiwa Kigoma, akaja Mkuu wa Takwimu, mama wa Kihaya asiyepandisha sauti. Nikamwomba na yeye. "Paka, mwanangu," akasema, "mradi kazi isilale."

Ninyi vijana wa leo mnabofya tu. Sisi tulifungua faili la mipangilio, tukaandika namba ya rangi mbele ya kila aina ya neno, tukahifadhi, tukakifunga kihariri na kukifungua upya. Sikuwa na haraka. Nilitoka nje nikatazama vilima vya upande wa Rulenge mpaka nikajisahau. Amri nikazipa kijani cha migomba. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu nikayapa njano. Yalibaki maelezo, mistari inayoanza na kinyota, ambayo mwandishi humwachia mwenzake na mashine huiruka bila kuisoma. Hiyo nikaipa kijivu.

Mchana huohuo alikuja Mama Paskali, Mrundi aliyekuwa akija kila siku ya gulio kumuulizia binti yake, Joselina Niyonkuru. Alikuwa na mwanawe Paskali Ndayizeye mkononi.

"Mashini yako inasema nini leo?"

"Inasema hakuna, mama."

Alimvuta Paskali karibu. "Basi tutaganduka. Mtama nimeshaloweka."

Nililijua neno hilo la Kirundi. Kuganduka ni kuondoa msiba. Pombe ikishanywewa, mtoto amehesabiwa miongoni mwa wafu, na mama hamuulizii tena popote.

Alipoondoka nikarudi kwenye rangi zangu ili nisimfikirie. Nikashuka na msimbo taratibu, kijani, njano, kijani, kama mtu anayepita shambani, kisha nikaingia kwenye kijivu kitupu, skrini nzima. Nikadhani nimekosea namba. Nikaibadilisha, nikafungua upya: sehemu ileile tu ikabadilika. Ndipo nikaisogelea. Kila mstari ulikuwa na kinyota mwanzoni. Lakini hayakuwa maelezo, zilikuwa amri za kulinganisha jina la mama na kilima cha kuzaliwa, ambacho kwa Warundi ndicho kijiji, na tangu tuanze kazi mashine ilikuwa ikiziruka. Iliyobaki macho ni sehemu ya kulinganisha jina la ukoo.

Nikamwita Mkuu wa Takwimu. Alisoma akiwa amesimama, akaketi.

"Mgeni aliyeuandika msimbo huu, huko kwao ndugu wote wana jina moja la ukoo," alisema. "Akaona hilo linatosha, mengine yanachelewesha mashine."

"Na Warundi kila mtoto ana jina lake, mama."

"Najua. Hata mimi nimeupitia msimbo huu ukiwa mweupe, sikuona kitu. Ondoa vinyota."

Nikaondoa. Mashine ikatafuna hadi chai ikapoa, kisha jina la Joselina likatokea, kambi ya upande wa Biharamulo, jina la mama lilelile, kilima kilekile. Mkuu hakusubiri kuchapisha. Alitoka akikimbia, khanga ikimdondoka begani, kumtafuta dereva ampeleke kwa Mama Paskali kabla pombe haijaiva.

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, nikapata mabosi wengine na skrini kubwa zaidi, na huko ndiko nilikostaafia. Vijana huniuliza kama rangi zile si mapambo tu. Huwa sijibu upesi, kwa sababu akili hunirudisha Ngara, asubuhi ile lori liliposhusha watoto waliopatikana.

Joselina alishuka wa mwisho, miguu mitupu. Hakumtambua mama yake. Mama Paskali hakulia wala hakumkumbatia. Alipiga magoti kwenye tope, akavua kandambili zake, akamvalisha moja moja, akamuuliza kwa Kirundi kama zinambana. Mtoto akatikisa kichwa. Wakaondoka kuelekea mahemani, mama akiwa peku, na mimi nikarudi ndani nikashindwa kusoma hata mstari mmoja.