Somoe, uliyelifundisha zimwi kuitikia marahaba

Jamani, bado haijaniingia akilini. Jana nimeshika simu nimpigie Somoe, nimwambie kwamba Somoe amefariki. Nikakumbuka nikiwa nimeifikisha namba katikati.

Kwa msiomjua: Somoe ni rafiki yangu wa hapa Mkunya. Tulikuwa tunabangua korosho pamoja nyuma ya nyumba ya mama yake. Kaugua wiki tatu, kafia hospitalini Ndanda. Tumemzika Jumatano.

Ila sitaki kulia humu. Angenicheka.

Korosho zikikaangwa, mafuta ya maganda yanaruka na kuunguza ngozi, na watoto wetu hawasikii. Somoe akapata dawa: hadithi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi anatandika mkeka mbali na moto, anauita ofisini. "Mitingi imeanza! Zimeni simu!" Basi utaona mtoto wa miaka mitano anapapasa mifuko.

Shida ni kwamba kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Mama yake, Bi Fatu, akafoka: "Somoe, utawaotesha pembe watoto wa watu!"

Somoe akajivika ungo kichwani. "Zikiota zitaishia hapa, mama." Tangu siku hiyo kila mtoto anakuja na chake: sufuria, kikapu, kata. Rehema wangu alishinda na bakuli siku mbili, nikamwogesha nalo.

Na hadithi zenyewe sasa! Zile zile tulizokua nazo, lakini kazigeuza. Zimwi lake linapeleka korosho ghalani, karani analirudisha: "Bado mbichi hizi, kaanike kwanza mzee." Binti mfalme wake kalala miaka mia, akiamshwa anauliza, "Maji ya bomba yametoka?"

Mimi niliipenda ya mtoto aliyekutana na zimwi porini. Mtoto akasema, "Shikamoo!" Zimwi bila kufikiri, "Marahaba." Kwisha habari yake! Ukishaitikia marahaba umekuwa mzazi, na mzazi hamli mwanawe. Likabaki linaulizwa habari za nyumbani, za mikorosho, za wakwe, mpaka njaa ikalitoka.

Somoe alinipigia simu mara ya mwisho akiwa wodini, sauti imebaki nusu. "Mama Rehema, Jumamosi usiwafukuze watoto. Wasimulie wewe."

Nikamwambia mimi wa la saba, hata tangazo la kijiji nalisoma natetemeka.

"Nani kakwambia usome? Piga stori!"

Jumamosi wakaja. Kumi na moja, wamekaa mkekani. Siku ya tatu tangu tuzike! Bi Fatu yuko ndani na wanawake wa msiba. Nikisimulia watacheka, na kucheka kwenye nyumba yenye kilio ni kumdharau mfiwa. Nikiwarudisha makwao, nimelitupa neno la Somoe.

Nikaanza kwa kunong'ona.

Kwa woga nikakosea, zimwi langu likamwamkia mtoto.

"Aaah, Mama Rehema! Mkubwa anamwamkiaje mdogo?"

"Hili limelelewa vizuri kupita kiasi," nikajitetea.

Kicheko kikalipuka. Nikajiwekea kidole mdomoni wanyamaze, ndiyo kwanza wakazidi. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Mlango ukafunguka. Bi Fatu huyo, kanga kichwani, macho mekundu. Watoto wakaganda. Nikainuka. "Mama, nisamehe. Ni yeye aliniagiza."

Bi Fatu akawasogeza watoto wawili, akaketi katikati yao, akanyoosha miguu.

"Haya," akasema. "Kaamkiwa na zimwi. Yule mtoto kaitikia nini?"

Watoto wakalitunga jibu wenyewe, kila mmoja lake, kwa kelele zote za Mkunya.

Somoe, mama yako amecheka. Kidogo tu, pembeni mwa mdomo, lakini nimekiona kile kicheko kwa macho yangu. Tutakaa naye, usiwe na wasiwasi.

Ulale pema, dada yangu.