Geuza Fremu, Watu Waache Wasimame

Siamini bado. Jamani, Namsifu! Ijumaa ile tumecheka mpaka boss akatufungia mlango, Jumapili asubuhi napigiwa simu eti presha imempanda ghafla, hatunaye. Namsifu huyu huyu?

Kwa msiomjua: kama ulifungia ndoa yako Same na albamu yako ina maua pembeni ya kila ukurasa, picha zako zilipangwa na huyu dada. Tulikaa meza moja pale studio.

Na sitaandika kinyonge, maana unyonge mwenyewe hakuujua! Alikuwa mtu wa kuipigia makofi kompyuta ikikubali ku-save.

Siku yangu ya kwanza kazini akaniita kwa jina la kijiji chetu cha huku tambarare, "We mtoto wa Kisiwani, njoo uone uchawi!" Akachukua layout ya zamani, ukurasa uliochokwa na kila mtu, akauzungusha robo duara. Fremu zilizolala zikasimama, za pembeni zikapanda juu. Ukurasa mpya kabisa! Nilipiga yowe, nawaambia.

Nikajaribu na mimi. Nikazungusha kila kitu, fremu pamoja na picha zilizomo. Mchungaji, maharusi, kwaya nzima, wote wamelala ubavu!

Alicheka mpaka akashika meza. "Nyie watu wa tambarare mnapenda kulaza vitu! Geuza fremu, watu waache wasimame!" Kuanzia hapo ndiyo ikawa salamu yetu kila asubuhi.

Halafu kuna yule mama aliyekuja na albamu yake kutoka kijiji cha Maore, amefura. "Shikamoo mama." Badala ya kuitikia, akabwaga albamu mezani. "Kaka yangu ndiye mjomba wa bibi harusi, na nyie mmemweka chini ya keki! Keki imemlea nani?"

Sisi Wapare kwa mjomba hatuna mchezo, mnatujua. Mimi nikatafuta pa kujificha.

Namsifu hakubishana hata kidogo. Akaufungua ukurasa kwenye kompyuta, akaugeuza juu chini, akazinyoosha picha moja moja. Mjomba juu, keki chini. "Haya mama, keki imekaa pake." Mama akatazama, akatabasamu, ndipo akaikumbuka ile shikamoo: "Marahaba, mwanangu." Tulikufa kwa kicheko!

Basi juzi, baada ya kuzika kule Ugweno, mama yake Namsifu akanishika mkono. Akaomba kitu kimoja tu: ukurasa wa binti yake, kama zile alizowapangia watu, uwe ukutani siku ya kuanua matanga. Yaani kesho. Hii ndiyo deadline iliyonitetemesha kuliko zote.

Nikafungua kompyuta yake. Jamani, Same nzima imo mle, yeye hayumo! Aliyepanga sura za watu wote hana hata picha yake moja. Nililia, sifichi.

Nikarudi kwenye simu yangu, nikapekua, nikaipata. Nilimpiga picha hiyo siku aliyonipeleka kwao. Amesimama kwenye migomba na gumboots za mama yake, kidole juu, ananiamrisha nisimkate miguu.

Nikafungua ile layout ya maua aliyoipenda. Fremu moja kubwa, lakini imelala. Nikimweka, gumboots zinakatika. Nikimsogeza, kichwa hakipo. Nusura niiache.

Ndipo sauti yake ikanijia, haki ya Mungu! Nikazungusha robo. Fremu ikasimama. Nikainyoosha picha yake, akaenea mzima, kidole mpaka gumboots!

Nikapiga makofi peke yangu kama yeye. Boss akachungulia, akaona skrini, naye akaanza kupiga.

Mama, shikamoo. Ukurasa umeshachapwa, asubuhi napanda nao Ugweno.

Namsifu, dada yangu, fremu nimegeuza, wewe nimekuacha umesimama. Huku kwetu simama hivyo hivyo. Huko ulikotangulia, sasa ruksa: lala salama.